Mzika Vyama

Watu wa Biharamulo na Ngara walimpa Xavery jina la Mzika Vyama, na yeye hakulikataa, maana lilikuwa jina la haki. Tangu vyama vya ushirika vilipofutwa mwaka wa sabini na sita, kazi yake ilikuwa kupita kijiji kwa kijiji akiwa mfilisi: kukusanya mali ya chama kilichokufa, kuuza cha kuuzwa, kuwalipa wadai kwa zamu yao ya kisheria, kisha kufunga mlango na kutia saini. Wenzake aliosoma nao sheria walikuwa Dar es Salaam wakitetea watu walio hai. Yeye alikuwa Kagera akigawa mizani mibovu, magunia na milango. Lakini aliijua kazi yake, na alijivuna kidogo kwa kuijua.

Tena alikuwa na namna yake mwenyewe ya kuifanya. Mwanzoni alibandika matangazo kwenye milango ya maghala, kwa Kiswahili cha mahakama, akiwaita wadai wote wafike kuthibitisha madai yao. Hakufika hata kuku. Karatasi zenyewe wazee walizibandua wakasokotea tumbaku. Ndipo akakumbuka desturi ya kwao. Mtu akifa, siku ya kuondoa matanga msemaji wa familia husimama mbele ya watu akaita wanaomdai marehemu na wanaodaiwa naye, kila mmoja aseme lake, na anayenyamaza siku ile ndio kanyamaza moja kwa moja. Xavery akaanza kuiita mikutano yake matanga. Watu walicheka, wakaja. Walikaa kwenye majamvi, mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, katikati, naye akasimama akasema:

"Ndugu zangu, chama chetu kimekufa. Anayemdai marehemu aseme. Anayedaiwa na marehemu aseme."

Basi watu walisema! Hata wenye kudaiwa walijitaja wenyewe, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria. Benki iliyokuwa ikidai ilipoona hesabu safi namna ile ilikubali kupokea pungufu ili wakulima nao wapate chochote. Xavery alivizika vyama vingi kwa njia hiyo, na hakuna hata kimoja kilichomfuata nyumbani.

Kilichomfuata kilikuwa kitu kingine. Mdogo wake Ansbert alikwenda vitani na mgambo wa Biharamulo, lori lao lilipoelekea kaskazini mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane. Vita ikaisha. Wengine wakarudi, mmoja na redio ya kuteka, mmoja bila mguu. Ansbert hakurudi, wala barua, wala mtu aliyemwona akianguka. Baba yao alimwita Xavery akamuuliza, yeye msomi wa nyumba, wafanye nini. Xavery alimjibu kama alivyozoea kujibu: jambo lisilofungwa huzaa mengine, tuzike tufunge. Kwao, kama kwa majirani wengi wa pande hizo, mtu ambaye mwili wake haukuonekana, mgomba huzikwa badala yake. Xavery mwenyewe alishika panga akaukata, akaliacha tunguu lake ardhini, lile bonge la chini linalotoa watoto wa mgomba, akachukua shina tupu kama inavyotakiwa. Shina halina uhai wa kurudi. Wakalizungushia mkeka, wakalizika. Mama yake, Marsiana, hakulia. Aliuliza tu, "Mmemaliza?"

Tangu hapo Xavery akaanza kukisikia kikohozi. Ansbert alikuwa na kikohozi cha kitoto, viwili vifupi kabla ya kusema neno, kana kwamba anabisha hodi. Xavery akisimama kwenye mkutano na kusema anayemdai marehemu aseme, nyuma yake mtu alikohoa. Mara mbili, kifupi. Kila mara aligeuka. Palikuwa na ukuta, au mlango uliofunguka, au mbuzi. Aliogopa, na hakumwambia mtu, maana mfilisi anayeogopa wafu nani atampa kazi?

*

Chama cha Tuinuane kilikuwa upande wa Mabawe, katika kijiji cha ujamaa kilichopangwa kwa kamba, nyumba mkabala na nyumba. Watu wake walikuwa wameteremshwa kutoka milimani wakati wa operesheni ya vijiji, wakaacha huko juu mahame yao: migomba, mibuni na makaburi. Xavery alifika mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeanza, amekaa juu ya magunia ya chumvi kwenye lori alilolidandia Lusahunga, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa limesimama kwa kukosa mafuta. Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la chama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoinua macho.

"Na haya mabati?" aliuliza. Yalikuwa mazuri, mazito, ya zile siku ambazo mabati yalipatikana.

"Hayo si ya chama, Ndugu Mfilisi," alisema Pancras, mwenyekiti wa kijiji. "Ni ya Gervasi. Aliyanunua aezeke nyumba yake. Upepo ukaja ukang'oa nyasi za ghala, kahawa yetu imo ndani. Akasema ezekeni kwanza, mkija kupata yenu mtanirudishia."

"Mnashuhudia?"

Ghala zima lilishuhudia.

"Basi ni mali yake, si ya marehemu. Jengo limeuzwa na linabomolewa Jumamosi. Gervasi aje achukue mabati yake kabla ya hapo."

Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni aliinamisha kichwa. Huyo alikuwa Deodata, mke wa Gervasi.

"Gervasi alikwenda vitani," alisema Pancras.

Nyuma ya Xavery mtu akakohoa, mara mbili. Hakugeuka safari hii. Alisema mkutano umeahirishwa.

Sheria aliijua, na aliilaani moyoni. Kitu cha mtu aliye hai hakitolewi bila ridhaa yake. Kitu cha mtu aliyekufa hupewa mrithi wake. Cha yule ambaye hajulikani yuko wapi hungojewa miaka, na ghala halikuwa na miaka, lilikuwa na siku tatu. Mabati yakikosa mwenyewe yangeuzwa kwa mfanyabiashara wa Lusahunga aliyekwisha nunua jengo, na thamani yake ingekwenda Hazina. Jioni ile Deodata alimwonyesha nyumba yake. Nyasi za juu zilikuwa zimeoza, na watoto wanne walikuwa wamelala kona moja, mahali pekee pasipovuja. Mdogo alikuwa akipumua kwa taabu.

"Mimi nipo tayari kusema amekufa," Deodata alisema. Alilisema kwa sauti kavu, halafu machozi yakamtoka. "Mimi si mchawi wa mume wangu, Ndugu. Lakini mvua hainingojei. Mwenye neno ni mama mkwe. Bila yeye ukoo hautamtaja mrithi."

Mama mkwe alikuwa Bibi Nimpaye, aliyezaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi, na kuolewa huku akiwa msichana. Xavery alimkuta akipura maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeezua?"

"Ndiye mimi. Bibi, nimekuja kwa habari ya Gervasi. Sheria inajua watu wa aina mbili tu. Aliye hai, huja mwenyewe. Aliyekufa, huja mrithi wake. Katikati hapana mtu."

"Mwanangu yuko hapo katikati," alisema Bibi Nimpaye.

Bibi akaendelea kupura.

"Selikali inaweza kumngoja?" aliuliza baadaye.

"Inaweza, kwa miaka."

"Kwa hiyo anayeshindwa kungoja ni bati."

"Ni wajukuu zako, bibi."

Fimbo ilisimama. Xavery aliona amemchoma, akajichukia, na bado akaendelea, maana ndivyo kazi ilivyomlea. Akamweleza kwamba familia ikizika mgomba, mwenyekiti akathibitisha, ukoo ukamtaja mrithi, yeye atatoa mabati siku hiyohiyo na hakuna ofisi itakayomuuliza. Akamwambia kwamba hata kwao wamefanya hivyo. Akasema kufunga jambo kunaleta amani.

"Wewe umeipata?"

"Nini?"

"Hiyo amani."

"Ninaendelea na kazi, bibi."

"Nimesikia," alisema Bibi Nimpaye. "Mdomo huu ndio uliompa jina. Hautamwita marehemu. Nenda, mwanangu, mvua inakuja."

Mvua ilikuja kweli, ikapiga usiku kucha. Pancras, aliyekuwa amemlaza Xavery kwake, alisema maiti haulizwi sanda, wamzike tu bila kumsikiliza mama yake. Xavery alikataa. Alisema hatatoa mali kwa mazishi ambayo mama hayumo. Hilo alilijua kuwa ni sheria, ingawa hakukumbuka limeandikwa wapi.

Asubuhi Bibi Nimpaye alikuja mwenyewe, amelowa, udongo mwekundu hadi magotini. Alikuwa ametoka kumshika yule mtoto mdogo wa Deodata kifuani tangu usiku wa manane.

"Mzikeni," alisema. "Lakini mgomba nitauchagua mimi, nitaung'oa mimi, na mkeka nitaufunga mimi. Mwanamume asiuguse mpaka niseme beba."

"Hiyo ni kazi ya wanaume," alisema Pancras.

"Kumzaa ilikuwa kazi ya wanaume?"

Ikawa hivyo.

*

Walipanda kwenda kwenye hame la Gervasi mchana, mvua ikiwa imepumzika. Nyumba ya zamani ilikuwa imeanguka, imebaki nguzo moja na jiwe la kusagia. Migomba iliyokosa mtu wa kuipogoa ilikuwa imesongamana hata mwanga ulikuwa wa kijani, na mibuni ilikuwa imerefuka ovyo, matunda yakidondoka bila mchumaji. Watu walisema kwa kunong'ona. Si kwamba kulikuwa na kitu cha kuonekana; ni kwamba kila mmoja aliwahi kuwa na nyumba huko, na mtu akipita kwenye uwanja wake wa zamani hajui apige hodi au apite tu.

Bibi Nimpaye aliingia kwenye migomba peke yake na jembe. Alikaa sana. Walimsikia akilima, akihema, akisema maneno ya Kirundi kwa sauti ya chini. Alipotoka, mkeka ulikuwa umefungwa kamba kila mahali, umelala kwenye majani.

"Beba," alisema.

Vijana wanne waliuinua. "Huyu Gervasi kanenepa huko vitani," mmoja alinong'ona, na mwenzake akamkanyaga mguu. Ulikuwa mzito kweli upande wa chini, na maji yenye udongo yalichuruzika. Xavery alisaidia kushika. Alikumbuka ule wa kwao ulivyokuwa mwepesi begani, hata yeye na baba yake walitosha kuubeba, na moyo ukamwuma.

Walipoufukia, Pancras alimtazama. "Ndugu Mfilisi, wewe ndiye unayejua kuita."

Xavery alisimama kando ya kaburi. Alikuwa amesema maneno yale mara nyingi mpaka yalikuwa yakitoka yenyewe, lakini leo aliyatoa moja moja.

"Anayemdai marehemu aseme."

"Anayedaiwa na marehemu aseme."

Kisha akaelewa kwamba wanamtazama yeye. Tuinuane ilikuwa mikononi mwake. Mdaiwa aliyebaki alikuwa ni yeye. Akavua kofia.

"Mimi nasimama kwa niaba ya Tuinuane," alisema. "Gervasi alitufunika tulipokuwa hatuna paa. Tunadaiwa mabati. Nitayalipa leo."

Nyuma yake, karibu kabisa, mtu akakohoa mara mbili. Xavery alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona Bibi Nimpaye ng'ambo ya kaburi, akitazama juu ya bega la Xavery, jicho halipepesi, kisha akainamisha macho chini.

Mtoto mkubwa wa Deodata akatajwa mrithi, chini ya ulezi wa mama yake. Kabla jua halijazama mabati ya Gervasi yalikuwa uani kwa Deodata. Ijumaa yalikuwa juu ya nyumba, na Xavery, akiondoka kwa lori lingine, aliyasikia yakilia chini ya mvua kutoka barabarani. Ilikuwa sauti nzuri. Alijiambia kwamba amefanya jambo jema, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

*

Alirudi baada ya mwaka mpya kukabidhi kiwanja cha ghala kwa serikali ya kijiji, jambo la mwisho kabisa, baada ya hapo Tuinuane ingekuwa haipo tena duniani. Pancras alimpokea akiwa amekunja uso.

"Kaburi limeota," alisema.

"Limeota nini?"

"Mgomba. Umetoa kichwa hapo hapo kifuani pake. Na watu wamekataa kupanda kule kuchuma kahawa. Wanasema tumemzika mtu mzima. Wengine wanataka tukaukate. Na yule mfanyabiashara amesikia, yuko hapa tangu jana. Anasema kama Gervasi hakufa basi mrithi ni wa uongo, na mabati ni yake, alinunua jengo na paa. Kesho anataka kuyaezua."

Xavery hakukaa hata kunywa maji. Alipanda mlimani peke yake. Hame lilikuwa vilevile, ila kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri, na katikati yake chipukizi la mgomba lilikuwa limesimama, limekwisha kufika magotini, majani yake mawili yamefunguka. Bibi Nimpaye alikuwa amechuchumaa akiling'olea nyasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumwona? Amekua."

"Bibi, ndani ya ule mkeka ulifunga nini?"

"Mgomba. Si mlitaka mgomba?"

"Shina tupu haliwezi kuota."

"Shina tupu haliwezi," alikubali. "Mimi niliung'oa na tunguu lake, na mizizi yake, na udongo wake. Ule aliupanda mwenyewe alipooa. Mwana wanje, mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nyinyi mlitaka mazishi, nikawapa. Wajukuu walitaka bati, wakapata. Na mwanangu sikumuua. Nilimlaza tu, akija atakuta amengojewa."

Xavery aliketi chini kwenye majani yaliyolowa. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Miaka yote akiwafundisha watu wa benki kwamba deni linaweza kupangwa upya bila kumuua mdaiwa, na hapa palikuwa na mwanamke aliyepanga upya kifo chenyewe.

"Na wewe," Bibi Nimpaye alisema bila kumtazama, "wa kwenu mlimkataje?"

"Nilimkata mimi. Juu ya tunguu. Kama inavyotakiwa."

"Ah."

"Kwa nini unauliza?"

Bibi alisugua udongo mikononi. "Siku ile ya kuzika, ulipokuwa umesimama pale, mtu alikohoa nyuma yako. Nilidhani umekuja na mwenzako. Nikatazama, sikuona mtu. Nikajua huyo hanidai mimi."

Miezi yote ile Xavery alikuwa amejiambia kwamba ni masikio yake, ni uchovu, ni kunyimwa usingizi na kunguni wa nyumba za wageni. Sasa hakuwa na pa kujificha.

"Anadai nini, bibi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwenye kazi ya kuuliza. Umewaita watu wote waseme. Huyo umewahi kumpa nafasi akasema?"

Alichomoa jembe ardhini, akachimba pembeni ya lile shamba kongwe, akatoa mche mdogo wa mgomba na tunguu lake, akaufunga kwa majani makavu. Akamwekea mapajani.

*

Asubuhi Xavery aliwakusanya watu mahali ghala lilipokuwa. Mfanyabiashara wa Lusahunga alikuwa amekuja na vijana wawili na ngazi. Alieleza malalamiko yake kwa ufasaha, na ubaya wake ni kwamba hayakuwa ya kijinga. Deodata alikuwa amesimama mlangoni kwake na watoto, mkono umeshika nguzo.

"Umemaliza?" Xavery alimwuliza mfanyabiashara.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize. Umenunua jengo kutoka kwa Tuinuane. Mabati hayakuwa ya Tuinuane, ghala zima lilishuhudia, kwa hiyo hukuyanunua. Hapo wewe hudai. Swali lililobaki ni kama niliyatoa kwa mtu asiyestahili. Huenda. Lakini mwenye haki ya kunishitaki kwa hilo ni Gervasi mwenyewe, kama yuko hai, aje anishitaki, nami nitafurahi kuliko mtu yeyote hapa. Au chama. Na chama nimekizika asubuhi hii, saini yangu hii hapa, ya mwenyekiti hii hapa. Aliyekufa hadai. Ngazi yako irudishe kwenye gari."

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wengi. Yule bwana alisema ataandika Bukoba. Xavery akamwambia aandike, na akamtajia jina la mtu ambaye barua ingemfikia, nalo lilikuwa jina lake mwenyewe. Mwenyekiti Pancras akauliza kwa unyonge kuhusu chipukizi.

"Mgomba ni mgomba," alisema Xavery. "Hauna kesi. Atakayeukata atakuwa ameharibu mali ya familia, nami nitarudi kwa ajili yake. Nendeni mkachume kahawa."

Aliondoka siku ileile, mche umefungwa gunia miguuni pake. Lusahunga alilala kwenye benchi la hoteli akingoja lori. Alipofika Biharamulo ilikuwa alasiri. Baba yake alikuwa ameenda kwa jirani. Mama yake alikuwa jikoni, akamkaribisha kama alivyokuwa akimkaribisha tangu yale mazishi, kwa adabu, kama mgeni wa ofisi: maji ya kunawa, kiti, habari za kazi.

Hakukaa. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Kaburi la Ansbert lilikuwa limebonyea katikati, kwa maana shina lilikuwa limekwisha oza huko chini na udongo umeshuka. Alichimba pale palipobonyea. Jembe lilikutana na utelezi mweusi wa kile alichokikata kwa mkono wake. Aliweka juu yake ule mche wa Mabawe, akaufukia, akaushindilia kwa viganja. Kisha akasimama, akavua kofia, kama anavyofanya kazini.

"Ansbert," alisema. "Anayenidai aseme."

Akangoja. Safari hii hakuogopa. Alikitaka kile kikohozi, alikitaka mno, angekipokea kwa mikono miwili. Upepo ulipita kwenye migomba. Kuku walikuwa wakiparua. Hakuna aliyekohoa.

"Ansbert, sema."

"Hatasema," mama yake alisema nyuma yake. Alikuwa amekuja bila kusikika, mikono ina unga. Aliutazama mche ule mdogo. "Nilikuwa namsikia kila jioni, pale njia ya kisimani. Vile viwili vyake. Nikadhani wewe humsikii, maana wewe ndiye uliyesema tumalize."

"Nilimsikia, mama. Kila mahali. Alikuwa anadai nini?"

Marsiana alipangusa mikono kwenye kanga yake. Alijibu kana kwamba ni swali jepesi.

"Kungojewa. Mtu akienda mbali anadai nini kingine?"

Xavery alilia pale, mtu mzima mwenye mkoba wa serikali, na mama yake akamwacha alie mpaka akatosheka. Kisha mama akaleta maji wakaumwagilia mche, yeye akishika kibuyu. Hakumwita Ndugu wala mgeni. Alimwambia ameizika nchi nzima na bado hajui kupanda mgomba, ameuweka umeinama. Wakaunyoosha pamoja.

Giza lilipoanza kuingia, Xavery alisimama kwa mazoea kwenda kuufunga mlango wa mbele.

"Uache," alisema mama yake.

Akauacha wazi, akarudi kukaa.